Msimu wa potwe umefunguka Mafia: karibuni Kilindoni, ila njooni na adabu zenu

Mkazi wa Kilindoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu Oktoba iingie inboksi yangu imejaa swali lile lile: "Potwe wameshafika? Nije lini?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa. Atakayeuliza tena namrudisha kwenye uzi huu.

Tuanze na hilo la "kufika". Wengi wanaamini potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe, anatoka huko mbali, anakuja Mafia kula raha miezi michache, kisha anaaga. Watafiti waliwafunga vifaa vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya bahari, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yakaonesha kwamba wengi wao wanabaki jirani na kisiwa hata ile miezi ambayo hakuna anayewaona. Kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini, wanakaa mbali kidogo na pwani, tena chini. Kusi likilegea wanasogea na kupanda juu, na kuanzia Oktoba mpaka Februari au Machi unawakuta mbele ya Kilindoni, mji wetu mkuu wa kisiwa.

Kinachowapandisha ni uduvi. Mlango wa bahari kati yetu na delta ya Rufiji unapokea maji ya mto yaliyobeba rutuba, uduvi wanajaa, dagaa wanakula uduvi, vibua na jodari wanafuata dagaa, wavuvi wanawafuata wote hao, na potwe anapita katikati yao mdomo wazi. Kwa hiyo ukitaka kujua leo potwe yuko wapi, usimuulize mtu wa mapokezi hotelini. Muulize aliyelala baharini.

Hapo ndipo ninapopishana na matangazo mengi ya utalii. Yanamwonesha potwe peke yake kwenye maji ya buluu, utadhani hakuna binadamu anayeishi huku. Potwe wa Kilindoni ni wa mjini, wakuu. Maji yake ni ya kijani, mazito kwa uduvi, na kuna siku huoni mita 5 mbele yako. Anayetaka buluu aende Utende akazamie kwenye matumbawe, atafurahi. Huku unakuja kuona samaki mkubwa kuliko wote duniani akigombea kifungua kinywa na watu wanaosaka ada ya shule.

Na mji wenyewe Oktoba una sura yake. Upepo wa kusini uliopiga tangu katikati ya mwaka unakata, matlai inaingia, bahari inalala kabla kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika. Vyombo vilivyokuwa vimepandishwa vinapigwa kalafati, na ukipita ufukweni unasikia nyundo kuanzia alfajiri. Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa zinatapakaa mpaka upeo wa macho. Mwezi ukipevuka zinazimika, kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi, na vijana wanashinda kijiweni wakishona nyavu na kubishana mpira.

Asubuhi ndiyo yenyewe. Mashua hazifiki mchangani, zinatia nanga kwenye maji ya kiunoni, na wachukuzi wanaingia wakitoka na ndoo kichwani, maji ya dagaa yakiwachuruzikia mpaka kidevuni. Akina mama wameshasimama ukingoni na pesa imefungwa kwenye pindo la kanga, bei inapangwa kabla ndoo haijatua. Wengine wananunua wa kukaanga, wengine wa kuchemsha kwa maji ya chumvi na kuanika juu ya chanja kwa ajili ya wachuuzi wa bara. Vuli ndiyo adui wao mkubwa: wingu likichungulia tu upande wa Rufiji, utaona maturubai yanakimbizwa kutoka kila nyumba. Dagaa aliyenyeshewa hana bei.

Sasa wakati ndoo zinashuka, ndipo unapopata habari. Utasikia nahodha mmoja anamwambia mwenzake, "Leo wale wakubwa walikuwa wengi upande ule, wametusumbua." Hiyo ndiyo taarifa unayoitafuta. Nendeni na huyo, au na mtu aliyeongea na huyo.

Baharini tunawatafuta hivi. Kwanza tunatazama membe, wale ndege wa baharini. Wakiwa wanatumbukia sehemu moja na maji hapo yanachemka kwa samaki wadogo, tunasogea taratibu. Ukiona mapezi mawili yanayofuatana kwa mstari, kubwa mbele na jembamba nyuma linaloyumba kushoto na kulia, hao si papa wawili: la mbele ni la mgongoni, la nyuma ni ncha ya mkia. Mashine inapunguzwa, halafu inazimwa.

Mara nyingi anakuja mwenyewe. Mdomo wake uko mbele kabisa ya kichwa, mpana na bapa, si chini kama wa papa wengine, na anapokula anauachia juu kabisa kiasi kwamba taya la juu linatoka nje ya maji. Unasikia maji yakiingia. Mbele ya pua yake kuna samaki wadogo, vikolekole vya njano vyenye milia myeusi, vinaogelea kwa kujiamini kabisa, na chini ya tumbo samaki aina ya chazo wameganda. Akikupita ubavuni unaona yale madoa meupe yaliyopangwa kwa safu na mistari. Kila potwe ana mpangilio wake, na watafiti wanapiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, kumtambua nani ni nani. Programu ya kulinganisha hayo madoa ilitokana na hesabu za wanaanga za kutambua mpangilio wa nyota, nami nikiliwaza hilo huwa nacheka peke yangu. Kwa njia hiyo hapa Mafia wameshaorodheshwa zaidi ya 100, wengi wao madume vijana wa mita 6 au 7.

Adabu sasa. Usimguse. Kaa mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, na usimkate njia kwa mbele ili upate picha ya uso. Taa ya kamera izimwe. Ingia majini kwa kuteleza kutoka ukingoni, usijirushe. Boti isimfukuze: akizama, amezama, subirini. Na kama kuna boti nyingine tayari inamwangalia, ngojeni zamu. Jambo moja wageni hawalijui: Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995 iko upande wa kusini na mashariki, Utende, Chole, Juani na Jibondo huko. Maji ya Kilindoni anakolia potwe yako nje ya mipaka yake. Kwa hiyo nidhamu hapa inategemea sana nahodha wako na wewe unayemlipa.

Mengine ya msimu nayapitia haraka. Ndege wa pwani, sululu na vitwitwi, wameshashuka kutoka kaskazini ya mbali, maji yakipwa unawaona wametapakaa kwenye matope karibu na mikoko. Nyangumi wa kibyongo wanamalizia, wanarudi kusini na watoto wao, ukibahatika mwanzoni mwa Oktoba utamwona mmoja akirusha maji. Vifaranga vya kasa kule Juani msimu wao umeshapita kwa sehemu kubwa, hivyo wa kasa njooni Julai au Agosti. Na viboko tunao, ndiyo, viboko kisiwani, wazee wanasema mafuriko ya Rufiji ndiyo yaliyowaleta. Bustani za watu zinawajua vizuri.

Karibuni kwa maswali.

Chumvi Kidogo

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, swali la kijinga: haumi? Mke wangu kasikia neno papa tu, kaniambia niende na bima yangu.

Mkazi wa Kilindoni

Mwambie shemeji atulie. Meno anayo, tena maelfu, ila ni madogo mno na hayatumii kutafuna. Koo lake ni jembamba, anachuja uduvi na vidagaa. Cha kuogopa ni mkia, ukikupiga kwa bahati mbaya utaukumbuka, na panga za mashine za boti. Ndiyo maana nimesema mita 4.

Mvuvi wa Mtando

Mleta uzi umeandika vizuri, ila umepaka sukari. Mimi ni wa hao "waliolala baharini". Ngoja niseme upande wetu.

Potwe anapoingia kwenye mtando, yaani wavu wetu wa dagaa, kazi ya usiku imekwisha. Dagaa wapo, yeye yupo katikati yao, uzito wa tani kadhaa. Una njia mbili. Ya kwanza, unazamisha maboya upande mmoja, vijana wawili wanaingia majini kumwelekeza, anatoka taratibu, na dagaa wengi wanatoka naye. Ya pili, akishtuka anapasua. Wavu uliopasuka unashonwa siku nzima, na siku hiyo hakuna kwenda. Hakuna anayetulipa. Asubuhi tukirudi tumechoka, tunapishana na boti za wageni zinakwenda pale pale tulipotoka, kwa habari tulizotoa sisi. Waliolipwa ni wenye boti.

Simchukii potwe. Babu zetu hawakumla na sisi hatumli, na alipo yeye dagaa hawako mbali, kwa hiyo naye anatupa habari. Lakini mtu asiseme eti tunaishi naye kwa mapenzi. Tunavumiliana.

Mkazi wa Kilindoni

Kaka, hili ulilosema nilitaka lisemwe na mwenyewe. Mimi ni mtumishi niliyehamishiwa huku, nyavu zangu ni karatasi.

Naongeza kwa wasomaji: mnapokata safari, muulizeni mwenye boti habari ya leo kaitoa nani, na huyo mtoa habari kapata nini. Ni swali dogo lakini likiulizwa na wateja wote linabadilisha mambo. Wapo manahodha ambao tayari wanachukua kijana wa mtando kama msaidizi siku za mbalamwezi, na safari zao ndizo nzuri zaidi, kwa sababu yule kijana anasoma maji. Ukimpa miwani ya kuzamia tu, anakwambia potwe atatokea upande gani.

Dada wa Mjini

Mimi naona bora kuogelea kupigwe marufuku, watu waangalie kutoka kwenye boti basi. Mwaka jana nilikuta boti zaidi ya tano zimemzunguka mmoja, watu wamevaa majaketi ya rangi zote wanapiga kelele, kila akitaka kupumzika anazungukwa tena. Mwishowe akazama. Nilirudi Dar nimeudhika.

Mkazi wa Kilindoni

Dada pole, ninaziona siku za namna hiyo, hasa wikiendi za Desemba. Ila marufuku sikubaliani nayo. Boti yenye mashine inayomzunguka inamdhuru kuliko watu wanne watulivu waliomo majini mbali naye. Panga za boti zinaacha makovu, na baadhi ya potwe wanatambuliwa kwa makovu hayo hayo. Mimi ningeanza na boti: moja kwa potwe mmoja, mashine imezimwa, muda mfupi, halafu kwaheri. Kumbukeni huyu tangu 2016 yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Ushauri wa vitendo: ondokeni asubuhi mapema, siku za katikati ya wiki. Wenye haraka wanakuja Jumamosi saa nne.

Mwana wa Mida

Salamu kutoka Watamu, Kenya. Huku twamwita papa shilingi, wazee husimulia kwamba Mungu alimmwagia sarafu mgongoni. Twamwona mara mojamoja tu, nyinyi mmependelewa.

Sisi Oktoba yetu ni ya ndege. Hapo Mida Creek maji yakipwa, pana yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene wa kuvunjia kaa. Sisi twamwita mla-kaa. Huzaliana huko Ghuba na Oman, achimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja ndani, jua lisilipike. Akimaliza huja kwetu na mtoto wake, na huyo mtoto, mkubwa kama mama yake, bado afuata nyuma akilia kuomba kaa. Mtu mzima aliyelelewa vibaya! Kuna njia ya mbao juu ya mikoko, wanakijiji ndio waiendeshao, unalipa kidogo unakaa kwenye kibanda na darubini. Je, Mafia mnao?

Mkazi wa Kilindoni

Wapo, tena makundi. Huyo mtoto mdeka nimemwona na sikujua habari zake, asante sana ndugu. Watu wa Mafia hawamwangalii kabisa, macho yote kwa potwe.

Msafiri wa Norfolk

Wakuu, nawasoma nikiwa nimejifunika blanketi. Niko Uingereza, pwani ya mashariki. Huku Oktoba na Novemba majani yanapukutika, Novemba saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, na maduka ya aiskrimu ufukweni yamefungwa mpaka mwakani. Mji unabaki na wazee, mbwa wao na upepo.

Lakini ndio msimu wa sili wa kijivu kuzaa. Kuanzia Novemba mpaka Januari wanapanda mchangani Horsey na Blakeney Point, watoto wao wana manyoya meupe, mama anawanyonyesha kama wiki tatu hivi, kisha anawaacha wajitegemee. Wenyeji wanaojitolea wanafunga kamba kwenye vilima vya mchanga, wanasimama hapo na baridi yote hiyo, na ukijaribu kushuka kupiga picha ya karibu unarudishwa kwa upole wa Kiingereza ambao ni mkali kuliko matusi. Sababu yao ni moja: mama akishtuka anakimbilia majini, mtoto anabaki na njaa.

Nilipokuwa mdogo Tanga, wazo la kusimama mbali na mnyama kwa hiari lisingeniingia. Siku hizi naona lina raha yake, unamwona akifanya mambo yake, hajui kama upo. Hao vijana wa mtando wangepewa kamba yao ya baharini, yaani mamlaka kidogo na posho, mngeshangaa.

Mvuvi wa Mtando

Msafiri wa Norfolk, hiyo posho ikija nitafute. Nitasimama hata usiku.

Mdadisi

Kwa nini hapo Mafia ni madume vijana tu? Majike wako wapi?

Mkazi wa Kilindoni

Majike wapo wachache, ila ndiyo, kundi kubwa ni madume ambayo hayajakomaa. Dume hukomaa akikaribia mita 8 au 9, hawa wetu wengi bado. Si Mafia peke yake, sehemu nyingi za pwani duniani wanapokusanyika ni hivyo hivyo, madume vijana wanafuata chakula. Majike wakubwa wanakaa zaidi bahari kuu. Kuhusu kuzaa, jike mmoja alivuliwa Taiwan 1995 akiwa na mimba ya vichanga karibu 300 tumboni. Wanaanguliwa ndani kwa ndani, wanazaliwa hai. Vichanga mia tatu! Na bado hatujawahi kusikia mtu kamwona kichanga hapa kwetu.

Mama Wawili

Samahani naingia mwishoni. Nina watoto, mmoja ana miaka 6 hajui kuogelea, na mimi mwenyewe bahari naiogopa. Tunaweza kuja au tutapoteza nauli? Na usafiri ukoje?

Mkazi wa Kilindoni

Mnaweza mama, karibuni. Potwe anakulia juu, kwa hiyo kutoka kwenye boti mtamwona vizuri tu, na mtoto akiwa amekaa juu anaona mwili mzima kuliko aliye majini kwenye maji ya kijani. Dai jaketi okozi la saizi ya mtoto kabla hamjapanda, usikubali la mtu mzima lililokazwa kwa kamba. Kofia, maji ya kunywa, na kitu kikavu cha kula asubuhi: chapati, si supu.

Usafiri ni ndege kutoka Dar, au gari mpaka Nyamisati kisha boti mpaka Kilindoni. Kwa watoto na bahari hii ya Oktoba na Novemba boti haina shida, ni tofauti kabisa na Julai. Fikeni Nyamisati mapema, maji yakipwa ratiba inasogea.

Tarehe: ukiweza epuka siku za mbalamwezi kali, maana wavuvi wengi wanakuwa wamepumzika na habari za baharini zinapungua. Njooni mwezi ukiwa umeanza kupungua, Jumanne au Jumatano. Jioni moja vukeni Chole mkawaone popo wakubwa wakiondoka kwenye miti, watoto watawapenda kuliko potwe, nakuonya mapema. Ukishakata tiketi niandikie inboksi, nitakuunganisha na nahodha anayechukua vijana wa mtando.

Mama Wawili

Asante sana. Nakata ya wiki ya pili ya Novemba. Popo wanang'ata?

Mkazi wa Kilindoni

Wanang'ata maembe.